Dobi na Adui Yake

Vidole vya dobi vimesuguliwa na pasi hata simu haivitambui, kwa hiyo huandika kwa kidole cha mwisho, polepole, ulimi nje. Kila mchana huwaambia watu wa mtandaoni asiowajua kwamba ipo siku hakuna atakayeulizwa rangi yake. Hajibiwi na mtu, ila bwana mmoja wa mbali anayemtukania ngozi yake bila kukosa. Wiki hii yule bwana katulia tuli kama maji mtungini. Dobi anafungua simu, anafunga, anafungua tena. Mwishowe akaandika, "Ndugu yangu, u mzima kweli?" Shati chini ya pasi likaanza kunuka moshi. Simu ikalia: "Mimi si ndugu yako, mweusi wewe!"

"Afadhali," dobi akasema peke yake, akainua pasi.