Bamvua Bila Wingu

Kwa miaka mingi Teresia wa Zombo, kijiji cha Kilosa, alitandika vitanda katika mahema ya watu wengine. Kazi yake ilikuwa Mikumi, katika kambi ya wageni wanaokuja kutazama tembo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hemani kama mgeni, wala hakuwahi kuiona bahari. Alipokaribia kustaafu alitangaza kijijini kwamba atayafanya yote mawili kwa safari moja, na anayetaka afuatane naye.

Wanawake watatu walikubali. Kijiji kilicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Mudi, mume wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa na gari.

"Shemeji, una nyumba ya bati, unakwenda kulala kwenye turubai?"

"Wewe kazi yako usukani," Teresia alijibu.

"Sawa. Lakini likitokea tatizo moja tu, nageuza gari, na safari za akina mama zimekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Teresia alijua uzito wa neno hilo. Akirudishwa njiani, hakuna mwanamke wa Zombo atakayethubutu kuomba safari ya namna hiyo tena.

Hifadhi waliyoichagua imejificha pwani, mbali na barabara kuu. Njia yake hupenya vichaka virefu, kisha hutokeza ghafla penye mchanga usio na nyumba hata moja. Walifika kabla ya adhuhuri. Maji yalikuwa mbali, na mbele yao ulitandaa uwanja bapa, mgumu, safi. Nashipai, aliyekulia nyuma ya ng'ombe katika mbuga za Kilosa, alisema hajapata kuona mahali pazuri kama hapo pa kujenga boma. Wakasimamisha mahema mawili papo hapo. Mudi aliegesha gari juu ya ukingo, kivulini, akajilaza.

Bi Mwanahawa, mtunza kambi, aliwapitia. Wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba.

"Ila leo bamvua, wanangu. Sogeeni juu."

Wote wakatazama angani. Hapakuwa na wingu hata moja.

"Mvua itoke wapi, mama?" Nashipai aliuliza kwa adabu. "Na ikinyesha, mahema si tunayo?"

Bi Mwanahawa alidhani anataniwa. Akacheka, akaenda zake.

Bamvua si mvua. Ni maji makuu ya bahari, yanayojaa kupita kawaida mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Lakini watu wa Kilosa wanajua mafuriko ya namna moja tu: mvua hunyesha milimani, na Mto Mkondoa hufurika. Maji yanayopanda juani hawakuwa wameyasikia.

Alasiri yakapanda. Consolata, aliyekuwa zamu ya jikoni, ndiye aliyepiga kelele.

"Teresia! Wali unaondoka!"

Sufuria ilikuwa inaelea, kifuniko kikiwa juu yake. Huko ukingoni honi ililia.

"Nilisema!" Mudi alifoka. "Pandeni, nageuza gari!"

Wanawake walikuwa wameshaanza kukunja mablanketi, moja baada ya jingine.

"Acheni kukunja!" Teresia aliamuru. "Mkondoa ukija huwa mnakunja? Ng'oeni vigingi, kila mtu ashike kona yake, tubebe na vilivyomo!"

Hema la kwanza likapanda ukingo likiwa limesimama, magodoro ndani. Wakalirudia la pili maji yakiwa magotini, Nashipai akiongoza wimbo na wenzake wakimpokea.

"Shemeji!" Teresia aliita. "Chakula chako hicho kinakwenda Zanzibar!"

Mudi alitazama sufuria, akatazama gari, akakunja suruali. Wimbi likamlaza kifudifudi. Aliibuka ameikumbatia sufuria, bila kofia, anatema chumvi na kucheka.

Alipofika juu aliyakuta mahema yote mawili yamekazwa vigingi.

"Haya, washa gari," Teresia alimwambia. "Tatizo si limetokea?"

Mudi akapangusa macho. "Tatizo gani? Mimi nimeona watu wanahama nyumba."

Teresia akajifunga khanga kifuani, akateremka, akaingia baharini hadi mabegani, akakaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Jua lilipozama aliingia hemani mwake, akavuta zipu, akawaarifu walio nje kwamba mgeni wa humu ndani asubuhi atapenda chai ya maziwa, tena aitengeneze shemeji.