Kusubiri Pombe ya Asali Ing'ae

Kwa miaka mingi nimekana kwamba naionea haya pombe yetu ya asali. Nilisingizia usafi, nikasingizia tumbo. Ukweli ni kwamba nikiwa chuo kikuu nilimkaribisha nyumbani mwanafunzi mwenzangu, akachungulia glasi yake, akauliza kama ule ni uji. Sikumjibu. Nimekuwa nikimjibu tangu siku hiyo.

Ndiyo maana dada yangu mkubwa anayeishi Gitting aliponiomba nitengeneze pombe ya kuwapokelea wakwe wa binti yake, niliapa itakuwa angavu. Kwake yeye, pombe ya asali hunywewa povu likishatulia. Mimi nilitaka ikae mpaka nione upande wa pili wa dumu langu la kioo.

Ikae muda gani? Hapo ndipo nilipoteseka. Baridi ya huku kwangu Mbulu iliichelewesha kuchachuka, na ilipomaliza, ukungu ukabaki palepale. Wiki mbili: maziwa. Mwezi: maji ya mchele. Nikalihamishia dumu stoo, kwenye baridi zaidi, na kwa kulibeba tu nikayaamsha mashapo yote. Nikaanza upya. Halafu nikawa nalitikisa kidogo ili nione kama limetulia, kazi ambayo hata mtu asiye na shahada angeiona ina kasoro.

Kila Jumapili baada ya kanisa dada alipiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Tayari?"

"Bado ina ukungu."

"Ukungu ni wa Mbulu, mdogo wangu. Lete pombe."

"Nikiileta hivi wakwe watatuonaje?"

"Na wasipoikuta kabisa watatuonaje? Asali yote ya mizinga yetu unayo wewe."

Wageni walipokaribia kufika, hatimaye ikang'aa. Niliinyonya kwa mpira, polepole, nikaiingiza kwenye dumu jingine la kioo, nikayaacha mashapo chini, nikayamwaga nyuma ya nyumba. Mafua makali yalinilaza, kwa hiyo shemeji akaja kulichukua dumu. Nilimwonyesha mwanga wa dirisha ukipita ndani yake. Akasema, "Sawa."

Siku ya wageni, jioni, simu ikaita.

"Wameipokea?" nikauliza, hata shikamoo nikaisahau.

"Wameipokea, wamekunywa, na harusi imepangwa."

"Na rangi? Wamesemaje?"

"Rangi gani? Wamenywea kwenye vibuyu."

Nimekulia kwenye vibuyu hivyo. Ndani yake hata maziwa huyaoni.

"Ila mzee wao mmoja kalalamika," dada akaendelea. "Kapindua kibuyu, kaona hayatoki mashapo yoyote, kauliza kwa nini upande wa binti tumejinywea ile nzito, wageni tukawaachia maji ya juu. Imebidi niombe radhi. Mashapo umeyaweka wapi?"

"Nimeyamwaga."

"Kayamwaga!" akawatangazia waliokuwa naye, nikasikia kicheko cha wengi. Kisha akanirudia, kwa upole ambao sikuupenda.

"Basi ya harusi nitatengeneza mwenyewe. Wewe lete glasi."