Dari la Sufi

Mimi naogopa bati. Sioni haya kusema. Wengine wanaogopa nyoka, mimi naogopa bati la Kariakoo saa saba mchana, mwezi wa kwanza, na mtoto amelala chini yake.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Kuta za ndani ziliishia juu kidogo ya mlango, na kutoka hapo kulikuwa wazi mpaka kwenye paa. Akikohoa wa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anampa pole. Kwa hiyo ukitaka kutoka kidogo, ulikuwa humwambii jirani akuangalizie mtoto. Ulisema tu kwa juu ya ukuta, "Nisikilizie mtoto," ukaenda zako.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja, mjane, mtu wa Lindi. Mwanangu alipopata degedege mara ya kwanza alikuwa na miezi minane. Niliachia ukelele mmoja. Kabla sijapiga wa pili, bibi alishaingia na kitambaa kimelowa maji. Zahanati walisema ni malaria. Mimi nikasema ni bati. Nilishaingiwa na hofu, na mwenye hofu haambiliki. Tangu siku hiyo nilishinda nimekaa kitandani, nampepea kwa ncha ya kanga, nasikiliza pumzi zake na kulitazama lile bati kwa chuki.

Fundi wa magodoro wa mtaa wa pili ndiye aliyenipa dawa. "Dada, tunashona magunia, tunayatandaza ukuta kwa ukuta, juu yake tunajaza sufi. Joto halikufikii. Kinga ni bora kuliko tiba."

Mume wangu hakutaka. "Hiyo pesa ya cherehani," alisema. "Miaka miwili tunajinyima. Halafu sufi mimi nimezoea kuilalia, sio kuiweka juu ya kichwa."

"Cherehani haina roho," nikamjibu.

Tulibishana wiki nzima. Yeye alitaja moto wa koroboi, akataja panya, akarudi kwenye cherehani. Mimi nilitaja mtoto, basi, sikuwa na hoja nyingine. Akachoka. Fundi akaja, akashona, akaziba kila uwazi mpaka pembeni kabisa.

Nisiseme uongo, chumba kilipoa. Tena kilitulia. Redio ya jirani ikapotea, ugomvi wa uani ukapotea. Nilijiona nami mtu mwenye nyumba yake, na nilianza kulala mchana.

Siku moja habari zikaenea kwamba sukari imefika duka la ushirika. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikampa bibi ufunguo, nikamwambia nilivyozoea kumwambia.

"Bibi, nisikilizie mtoto."

"Nenda mwanangu. Masikio ninayo."

Foleni ilikuwa imezunguka kona. Nikajipanga, nimetulia kabisa, maana bibi yupo. Wanawake wa mtaani wakaanza kunitania. "Mwenzetu siku hizi ana dari. Sisi tunaokwa, yeye anajifunika shuka."

Nami nikajidai. "Mnaona joto tu nyie. Mle ndani hata muadhini simsikii."

Maneno yalikuwa bado mdomoni, nikayasikia mwenyewe. Kama mimi simsikii mtu, nani anamsikia mwanangu? Mwanamke wa nyuma yangu akaniuliza kuna nini. Nilitoka kwenye foleni na kikapu kitupu, nikakimbia, kanga inaburuta, na njia nzima nilikuwa nasema, "Mungu wangu, mtoto wangu," mpaka watu wakanipisha.

Bibi alikuwa amekaa chumbani kwake, chini ya ukuta wetu, anachambua mchele. Akatabasamu. "Mbona mapema? Kalala huyo. Hajatoa hata sauti."

Nikamnyang'anya ufunguo, akanifuata mpaka mlangoni kwangu, nao haukuingia. Nikaudondosha mara mbili, bibi akaniondoa akafungua yeye. Mtoto alikuwa nyuma ya mlango, kifudifudi. Alikuwa analia. Mdomo wazi, machozi yanatoka, sauti hakuna. Alilia mpaka ikamwishia. Nilipomshika alikuwa wa moto, na mikononi mwangu macho yakageuka yakawa meupe.

Aliyembeba mpaka zahanati ni bibi. Mimi nilikimbia nyuma yao.

Alipona. Sauti ilirudi baada ya siku tatu, imekwaruza. Mimi nilijiandaa bibi anilaumu, au nimlaumu yeye, ili mradi tugombane yaishe. Badala yake alikaa ukumbini analia na kurudia maneno yaleyale: "Nilisikiliza, mwanangu. Wallahi nilisikiliza. Nikasikia kimya, nikashukuru."

Jioni ya siku ileile ya zahanati mume wangu alipanda juu ya meza na kisu. Hakusema neno juu ya cherehani, na nilitamani aseme. Nikamwomba ashuke, nikapanda mimi. Nilikata gunia upande wote wa ukuta wa bibi. Sufi ikamwagika kitandani, ikanijaa nywele na pua. Joto likaingia palepale, na kikohozi cha bibi nacho kikaingia.

Nikaita kwa juu ya ukuta. "Bibi, nisikilizie mtoto."

"Unaenda wapi saa hizi?"

"Siendi popote."

Nikamsikia anasogea ukutani.

"Haya," akasema. "Nakusikia."