Siku Mama Alipogombania Kosa Lake

Nilitumwa na kaka zangu kumpeleleza mama yangu mzazi. Walinipigia simu kwa zamu, wakaniambia nipande naye kirikuu mpaka Korogwe na kurudi, halafu niwaeleze kama anafaa kuendelea kuendesha. Akigonga kitu chochote, hata ndoo, ananyang'anywa ufunguo. Nikakubali, maana kusema kweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi wangu.

Kirikuu yenyewe ni ile pikapu ndogo ya kubebea mzigo, aliiacha baba. Alipofariki ilikaa nyuma ya nyumba kule Misima mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Kaka zangu wako Dar, mimi niko Handeni mjini na mambo yangu, kila mtu anasema iuzwe na hakuna anayeiuza. Siku moja mama akawafukuza kuku, akakifuta kiti, akaenda kujiandikisha darasa la udereva pamoja na vijana wenye umri wa wajukuu zake. Alipopata leseni alinitumia picha ameibana shavuni, anacheka meno yote nje.

Tangu hapo mama hamwombi mtu lifti. Machungwa yake anayapeleka sokoni mwenyewe. Jirani akiumwa, ni yeye anayemkimbiza hospitali, na kwenye misiba ndiye anayebeba masufuria ya kikundi chao cha akina mama. Ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga, na mkiwa mmekaa mnaongea utamwona anaupapasa. Kumnyang'anya ufunguo ule ilikuwa ni kumwambia akae kibarazani asubiri kusalimiwa.

Basi, njia nzima nilimkodolea macho. Nilitafuta kasoro nikakosa. Anaendesha taratibu, anawapigia honi mbuzi, na watu wote wa barabarani anawaitikia salamu kwa kichwa. Nikaanza kufurahi, nikajua nitarudi na habari njema.

Korogwe tuliegesha kwenye uwanja ulio jirani na soko. Ni uwanja wa vumbi, hauna mstari hata mmoja. Pale watu wanaegesha kwa kufuata kivuli cha mwarobaini, na kivuli kikihama, wale wanaoyapenda sana magari yao wanatoka sokoni kuja kuyahamisha. Mama akauza machungwa, akanunua karoti na kabichi zilizoteremka kutoka Lushoto, tukapanda. Akaweka rivasi. Nikasikia puu! Halafu nikasikia vioo vinamwagika.

Mama akazima gari. "Nimegonga," akasema.

"Hujagonga. Umegongwa," nikamwambia, na mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje. Mimi kwa maneno sijambo.

Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo jeupe, linameta, viti vyake bado vina nailoni za dukani. Tulipokuwa tunaegesha halikuwepo, lilikuwa limefuata kivuli. Taa yake ya nyuma ilikuwa chini vipande vipande. Ndani hamna mtu. Jamani, gari tupu, limezimwa! Lakini nilishaanza kupayuka kwamba huu ni uegeshaji gani, mkia wote umetokeza nje, mtu mwenye akili zake anaachaje gari hivi. Waendesha bodaboda wakasogea, maana kitu kama kile hakiwapiti.

Mwenyewe akatokea sokoni mbio, mwanaume wa rika langu, ana kitambi na mfuko wa nyanya. Alikuja anafoka toka mbali. "Nani kanivunjia taa? Nani huyo? Shuka! Leo utanitambua!" Akanipita kama hanioni, akaenda moja kwa moja mlango wa dereva, kidole juu. Akamwona mama na mtandio wake na miwani yake.

Kidole kikashuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunashukuru."

Kesi ikaishia hapo. Mtu ukishampa shikamoo, utaanzia wapi kumfokea? Angefoka kwanza amalize, ndipo aamkie. Sasa alibaki kaduwaa na nyanya zake, hasira zote hazina pa kwenda.

"Pole sana mama," akasema. "Hujaumia? Kosa ni langu, niliegesha vibaya."

"Mmemsikia!" nikaruka. "Kakiri mwenyewe, mbele ya mashahidi!"

"Mama hana kosa," mwendesha bodaboda mmoja akaunga mkono. "Bibi wa watu ni mtu mzima, mwacheni akapumzike."

Nilidhani tumeshinda. Kumbe mama ndio kwanza anashuka garini. Alijifunga kanga vizuri, akamwangalia yule mwenye gari.

"Baba, gari lako lilikuwa linatembea?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwemo ndani?"

"Nilikuwa nanunua nyanya."

"Sasa limenigongaje?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamvuta mama pembeni, nikamnong'oneza, "Mama, nyamaza! Utanyang'anywa ufunguo!"

Akaniangalia. Akaniangalia sana. "Kumbe," akasema. "Kumbe nimetumiwa mpelelezi." Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Nilitegemea atalia, au anichape kofi. Badala yake akapaza sauti uwanja mzima ukamsikia. "Nimegonga mimi! Nilikuwa namwangalia huyu binti yangu anavyonitolea macho toka Misima, kioo sikukitazama. Na hiyo siyo sababu. Dereva anatazama kioo." Kisha akamgeukia yule wa bodaboda. "Na wewe. Ungegonga wewe, wangekwambia ukapumzike?"

"Mh, hapana bibi. Wangenitukana."

"Wangekuita mzembe, na kesho ungeendesha. Mimi mkiniambia sina kosa, kesho mtaniambia nikae nyumbani. Sitaki! Nami niiteni mzembe!"

Mama akamrudia mwenye gari. "Nifokee."

"Mama, siwezi."

"Maneno uliyokuja nayo toka sokoni yako wapi? Nifokee!"

Yule bwana akatuangalia sisi wote, anatafuta wa kumwokoa. Hakumpata. Akaweka nyanya chini. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ungetazama kioo."

"Sisikii."

"Ungetazama kioo, mama!"

"Na nini tena?"

"Na... ah! Dereva gani wewe unapiga rivasi hutazami nyuma? Hivyo vioo wamekuwekea urembo? Gari juzi tu nimelitoa kupiga rangi! Ungekuta mtoto hapo je? Uzembe mtupu! Usirudie tena!" Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Hapo sawa," mama akasema. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike baba. "Nimekosa, baba. Nisamehe. Twende tukatafute taa."

Wakaongozana duka la spea wanapiga soga kama watu waliosoma pamoja. Mama akanunua taa, fundi akaifunga, na mama akamsimamia fundi mpaka akakereka.

Fundi alikuwa anakaza skrubu ya mwisho simu yangu ilipoita. Kaka mkubwa. "Vipi, kagonga?"

Mama alikuwa ananitazama, mkono kwenye pindo la kanga. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kabisa. Nikaumeza.

"Kagonga. Gari la watu, limesimama, halina mtu ndani. Kosa la mama."

"Si nilisema!" kaka akapiga kelele. "Umri ule, jamani! Hebu nipe huyo mwenye gari nimwombe radhi."

Nikampa simu. Kaka anaongea kwa sauti kubwa siku zote, kwa hiyo tulimsikia wote. Samahani sana ndugu yangu, yule ni mama yetu, ni mtu mzima sasa, macho yenyewe ndiyo hayo, tulishamwambia aache. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mama, akaitazama taa yake mpya.

"Kaka," akasema, "mimi sijagongwa na mtu mzima. Nimegongwa na dereva mzembe. Nimemfokea, kaniomba msamaha, kanunua taa. Yameisha."

Kaka yangu, mwenye jibu la kila kitu, akakohoa.

"Basi," akasema, "mwambieni awe anatazama vioo."

Ufunguo haukutajwa. Mama akaufungua kwenye kanga, akapanda, akawasha. Akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akakinyoosha cha juu. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe," akasema, "tazama mbele."

Nikatazama mbele mpaka Misima.