Mawe Niliyotupa Chooni

Juzi sokoni Busia nilinusa odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo kina mama hutafuna, nikakumbuka mchana mmoja kwetu Merikit.

Mama alikuwa akiumwa tumbo na kutapika siku nyingi. Wakubwa walinong'ona tu, lakini mimi sababu niliijua, maana kila siku nilimsikia akitafuna mawe hayo. Nikayatupa yote chooni, kisha nikamfuata zahanati.

"Sista, mama anakula mawe," nikamwambia nesi. "Lakini nimeshayatupa."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. "Si mawe, mwanangu. Mama anakuletea mtoto."

Mtoto huyo, sasa mwanamke mzima, ndiye niliyekuwa naye sokoni juzi. Nilipogeuka, akaficha mfuko wake wa odowa nyuma ya mgongo, tumbo likiwa limetangulia mbele.