Taa ya Kichwani kwa Ajili ya Ngoie

Nilikwenda Sakania, mpakani na Zambia, kwa sababu mdogo wangu wa kike, Ngoie, alitaka kuacha ukunga. Anafanya kazi katika zahanati ndogo ng'ambo ya Kasapa, nje kidogo ya Lubumbashi, mahali pasipo na umeme, na wagonjwa wa mbali huwafuata kwa baiskeli. Mama akichanika wakati wa kuzaa, Ngoie huing'ata tochi kwa meno ili mikono yote miwili ishone. Lakini kwetu mkunga humtazama mzazi usoni na kumwita jina tena na tena, asije akatuponyoka. Mwenye tochi mdomoni hawezi kuita. Mwezi ule mama mmoja alimfia mikononi, bila kuitwa. Wazazi wetu walipofariki, mimi mkubwa niliacha shule ili yeye asome. Sikumlaumu. Niliondoka kutafuta taa ya kichwani.

Lubumbashi, kabla ya safari, nilimwendea jirani yangu mchimbaji wa shaba. Alinivika taa yake ya kazini, na betri yake akanifunga kiunoni. Ilinivuta chini kama jiwe.

"Ile iko muzuri kwa siye ba mu mine," alisema. "Mudogo wako anafikaka kwa bagonjwa na velo. Itamuvunja mugongo, yaya," akaniita, kama ndugu yake mkubwa.

Ni yeye aliyeniambia kwamba Sakania kuna wafanyabiashara wenye taa nyepesi kutoka Zambia.

Njiani, ndani ya treni, nilikaa kati ya magunia matupu ya wanaokwenda kununua unga. Mama mmoja aliniuliza ninafuata nini. Nilipomwambia, alicheka.

"Benzako banafwata bunga, weye unafwata mwangaza!"

Nilipomweleza habari za Ngoie, aliacha kucheka. Alinikatia kipande cha muhogo wake.

Sakania, asubuhi ya pili, nilimpata Mama Chanda, muuza bidhaa karibu na reli. Alikuwa na taa mbili, zote nyepesi.

"Kamata hii, citoyen," alisema, akiinua ile kubwa. "Inamulika mpaka Zambia!"

Nilimwomba tuingie ghalani na kufunga mlango. Niliivaa, nikainama juu ya kitambaa na sindano. Niliona kila uzi. Nilikuwa tayari kulipa. Ndipo nikainua kichwa nimtazame Mama Chanda, kama Ngoie atakavyomtazama mzazi.

"We! Unaniua macho!" Alijifunika uso kwa mikono.

Nilijaribu kuiinamisha. Taa ile ilikuwa imebanwa kwenye mkanda wake, haisogei. Kila Ngoie atakapomtazama mgonjwa, atampofusha.

Ya pili ilikuwa na mwanga hafifu, lakini kichwa chake kiliweza kupindwa. Niliielekeza chini, nikamtazama tena Mama Chanda. Mwanga ulibaki kwenye sindano, na yeye akanitazama bila kufumba macho. Isitoshe, betri zake ni zile ndogo zinazouzwa katika kila duka la mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi.

"Eh, bantu!" alisema. "Muntu anaacha simba, anakamata paka!"

Niliichukua hiyo. Lakini wakati wa kurudi, ndani ya treni, hofu ilinijia. Je, kama mwanga ule hautatosha damu inapotoka?

Zahanati, siku mbili baadaye. Ngoie aliivaa, akakaza mkanda. Mchana ule mvua kubwa iliingiza giza ndani ya chumba, na mama aitwaye Mwewa akajifungua, akachanika vibaya. Nilitolewa nje. Nilikaa chini ya paa la bati, nikisikiliza.

Ukitaka kumchagulia mkunga taa, mtafute mtu wa kulala mbele yako, kisha umtazame usoni. Mimi nilikaribia kukosea kwa kuiangalia sindano peke yake.

Kwanza nilisikia mvua tu. Kisha sauti ya mdogo wangu, safi, yenye nguvu:

"Mwewa! Niangalie. Mwewa!"

Kimya. Akaita tena. Akaita tena.

"Niko, mama," Mwewa alijibu.