"Kompyuta haijafa": Fundi Nieves na magari yaliyogeuzwa usukani

Saa mbili na nusu asubuhi, baridi ya El Alto, mji wa Bolivia ulio juu milimani, bado inauma vidole. Nieves Calamani amepiga magoti kwenye mlango wa dereva wa teksi nyeupe ya mwaka 1996. Kofia yake ameiweka juu ya paa la gari, sketi zake pana amezikusanya chini ya koti la kazi, na kichwa kimezama chini ya dashibodi.

"Fungua swichi, lakini injini usiiwashe," anaagiza.

Mwenye gari, Don Saturnino Laruta, mwenye umri wa miaka 61, anazungusha ufunguo. Nieves ameshaunganisha matundu mawili ya soketi ndogo kwa kipande cha waya, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza haraka haraka, bila kupumzika.

Gari la umri huu halina pa kuchomeka mashine za kupimia za siku hizi. Linasema matatizo yake kwa kukonyeza taa, na fundi kazi yake ni kuhesabu. Likikonyeza mfululizo namna hii, maana yake kompyuta ya injini haina kosa lolote kwenye kumbukumbu yake.

"Mnaona?" anasema Nieves akichomoa kichwa. "Maiti haikonyezi. Hii iko hai, ila haikumbuki kitu. Gari limezima mara tatu wiki hii, halafu ukiiuliza inakwambia mambo shwari. Kuna mahali inakatiwa umeme, ndiyo maana inasahau."

Mafundi wawili walishaipima kabla yake, na wote wawili wakatoa hukumu ile ile: kompyuta imekufa. Don Saturnino alikuwa amejiandaa kwenda gulioni kesho yake, Alhamisi, kununua iliyotumika kwa bolivianos 1,800, karibu mapato yake ya wiki mbili. Ikishindikana, binti yake ameshasema gari likauzwe chuma chakavu.

Lakini si fedha iliyomnyima usingizi mzee huyu. Jumamosi iliyopita injini ilizima kwenye kona wakati akiteremka kwenda La Paz, na mjukuu wake Brisa, wa miaka saba, alikuwa kiti cha mbele.

"Usukani ulikuwa mzito, breki ngumu, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili," anasimulia. "Tulisimama ubavuni mwa lori. Mtoto akaniuliza, babu, tumefika?"

Tangu siku hiyo hajabeba abiria.

Nje ya karakana wamekusanyika madereva wanne wa chama chake cha teksi, kila mmoja na glasi ya api, kinywaji cha moto cha mahindi, mkononi. Wálter Siñani, mwenye mdomo kuliko wote, hawezi kunyamaza.

"Doña Nieves, kubali tu imekufa, tuiletee maua."

"Maua yatunze. Utayahitaji kwa lile gari lako."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nashusha kibao changu cha karakana pale mlangoni, na teksi yako naiosha kila Jumapili mpaka uchoke."

"Jamani, mashahidi mpo," Wálter anawaambia wenzake, na glasi zinainuliwa.

Nieves anatamba, na ana haki ya kutamba. Ana miaka 43, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia akiwa ameinama chini ya dashibodi. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, enzi zile magari ya Kijapani yaliposhushwa kwenye bandari ya Chile yakiwa na usukani upande wa kulia, yakapandishwa huku juu na kuingizwa kwenye mabanda ya kuhamishia usukani kushoto.

Wanaume walikata vyuma na kuchomelea. Nyaya alipewa yeye.

"Msimamizi alisema nina vidole vyembamba," anakumbuka. "Dashibodi ikigeuzwa, nyaya hazifiki. Kwa hiyo unakata, unaunga, unarefusha. Gari moja lilikuwa na viungo vipya hata sitini. Tulimaliza magari manne kwa wiki, na nilikuwa najiona bingwa."

Baadaye alisomea elektroniki, na miaka tisa iliyopita akafungua karakana yake. Siku nzuri humwingizia bolivianos 200, na siku mbaya hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwanzoni wateja walikuwa wakiingia na kumuuliza fundi yuko wapi.

"Nawajibu, yuko chini ya gari, subirini kidogo. Kisha naingia mwenyewe chini ya gari," anasema na kucheka.

Leo anachukua mita, anapima waya mmoja mmoja unaoingia kwenye kompyuta. Zote zinaonekana nzima, kama mafundi waliomtangulia walivyosema. Ndipo anapovuta droo na kutoa taa kuukuu ya mbele ya gari iliyofungwa nyaya mbili.

"Mita hunywa umeme kidogo sana," anamweleza Don Saturnino. "Waya ukibakiwa na uzi mmoja tu ndani, mita itakwambia mzima. Taa haidanganyiki, inataka mzigo wake wote."

Anaunganisha taa kwenye waya wa kwanza. Inawaka vizuri. Wa pili, wa tatu, vilevile. Anapofika kwenye waya wa hasi, ule unaorudisha umeme wa kompyuta kwenye bodi ya gari, taa inatoa wekundu hafifu na kuzimika.

Wálter anaweka glasi chini.

"Kibao kinabaki," Nieves anasema bila kumtazama.

Kilichobaki ni kuufuata waya ule hadi ulipooza. Anafungua kifuniko, anavuta zulia, anapitisha mkono nyuma ya kanyagio, karibu na ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Anavuta fungu la nyaya lililoshikana kwa uchafu. Lina utomvu wa kunata na kutu ya kijani, na petali moja ya ua imegandia hapo, nyeusi, imekauka.

Anainusa. "Bia," anasema.

Madereva wanacheka, maana hakuna asiyeelewa. Kila Jumanne ya Karnivali, sikukuu ya kabla ya Kwaresima, magari hufungwa riboni, hurushiwa petali na kumwagiwa bia, mwaka upite salama. Don Saturnino ameitambikia teksi yake kila mwaka bila kukosa, na mwaka huu, kwa kuwa ilianza kusumbua, aliongeza chupa mbili.

Nieves hacheki. Ameshika kiungo kimoja kati ya vidole viwili. Juu ya utepe kimefungwa uzi wa sufu nyekundu, mizunguko mitatu na fundo dogo.

Anakisogeza karibu na macho, anakigeuza. Mwandishi wa makala haya alidhani amejikata.

"Don Saturnino," anasema hatimaye. "Kazi hii niliifanya mimi."

Mama yake alikuwa akiuza sufu, na binti alikuwa akifunga viungo vyake kwa nyuzi ili utepe usifunguke kwa baridi. Hakuna mwingine bandani aliyefanya hivyo. Na tundu lililotobolewa kwenye bati wakati wa kuhamisha usukani aliliziba kwa utepe badala ya mpira, kwa sababu gari la nne lilikuwa linasubiri. Utepe ulishakauka na kudondoka. Kilichomwagwa juu kilipenya, na sufu ikakinyonya na kukitunza palepale kwenye waya.

"Kwa hiyo ni bia yangu?" mzee anauliza.

"Bia ni yako. Tundu ni langu."

Wálter anamsogelea, sauti chini. "Doña, ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Ningejua mimi. Na si gari moja, Wálter."

Don Saturnino amekasirika, na hafichi. "Mjukuu wangu alikuwa humo," anasema. Anarudia, safari hii polepole. Nieves anamwangalia usoni na kumwomba radhi, waziwazi, mbele ya wote.

Mwanamke huyu aliyekuwa akitamba nusu saa iliyopita anarudi kupiga magoti. Anakata sehemu yote iliyooza, anaweka waya mpya, analehemu, anavika mpira na kuubana kwa joto. Tundu analiziba kwa kizibo cha mpira, kisha anamwaga jagi zima la maji juu ya bati kuhakikisha. Hakuna tone linalopita. Anaunganisha taa kwenye waya wa hasi, nayo inawaka hadi Wálter anakinga macho.

Injini inanguruma. Don Saturnino anaisikiliza, kisha anafungua mlango wa abiria.

"Panda," anamwambia Nieves. "Kiti hicho hicho alichokaa mtoto. Tunateremka."

Nieves anachukua kofia yake, anapanda, anafunga mkanda. Mwandishi anabanana nyuma na Wálter. Kwenye kona ile mzee anawasha taa zote, feni na redio, anakanyaga breki na kuachia, mara tatu. Injini haikohoi. Gari linasimama chini, mjini.

"Kumbukumbu yako ikoje?" Don Saturnino anauliza, bado anatazama mbele.

"Nzuri."

"Basi yatafute mengine."

Ameanza kuyatafuta. Anakadiria alishika nyaya za magari mia mbili hivi katika mabanda yale. Hajui ni mangapi bado yanatembea, lakini teksi na magari ya mizigo ya hapa hayastaafu mapema. Chama cha teksi kinasoma tangazo lake kila asubuhi kwenye redio ya upepo, na msomaji ni Wálter, anayeongeza maneno yake mwenyewe: gari lolote lililogeuzwa usukani enzi zile lije kwa Doña Nieves, apapase chini ya dashibodi, na akikuta uzi mwekundu atatengeneza bure.

Wapo waliomwonya kwamba anaharibu jina lake. Mpaka tunakwenda mitamboni magari kumi na moja yameshafika, na sita yalikuwa na uzi wake mwekundu. Don Saturnino ndiye aliyeleta mawili kati ya hayo.

Anataka kuyakagua yote atakayoweza kabla ya Karnivali ijayo, na kibao chake, anasema, kitabaki pale pale mlangoni ili wanaomtafuta wasipotee.

"Wakija kunigombeza, waje," anasema akifuta mikono. "Ila waje kabla hawajateremka."